Punje Zingali Hewani: Mwongozo wa Kuhifadhi Dakika Ipitayo kwa Shairi

Mwezi wa sita, mavuno yakishaingia, miamba ya Singida hugeuka uwanja wa kazi. Mawe haya makubwa, ambayo mgeni huyapiga picha huku akijiuliza nani aliyeyapanga, kwetu ni mahali pa kuanikia, pa kupuria na pa kupepetea. Mwanamke anapanda juu ya mwamba, anasikilizia upepo unatoka upande gani, anaupa ubavu, anainua ungo hadi juu ya kichwa na kuuinamisha. Nafaka inamwagika. Makapi yanakwenda na upepo, punje zinashuka kwa uzito wake. Kati ya ungo na mwamba kuna kimo cha mtu mzima, na punje inakipita kimo hicho kabla hujamaliza kutamka jina lako.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako unayetaka kuihifadhi dakika ya namna hiyo, iwe ni mama yako juu ya mwamba, heroe wakiruka kutoka Ziwa Singidani, au mtu uliyemuaga stesheni ya Manyoni asirudi tena. Nimewahi kumrekodi jirani yangu akipepeta, kwa simu. Video ipo. Nafaka inamwagika, inafika chini, basi. Kila nikiitazama, inaisha. Shairi linaweza kuiacha nafaka palepale ilipo, na imenichukua miaka mingi kuelewa linavyofanya hivyo. Siri yenyewe nitaisema mapema ili usome yanayofuata ukiwa nayo mkononi: dakika huhifadhika ukiikata kabla haijafika mwisho wake.

Tuanze na aliyeliona jambo hili vizuri kuliko wengi. John Keats alikuwa kijana wa London aliyesomea kazi ya uganga wa hospitali, akapata leseni mwaka 1816, kisha akaiacha ili awe mshairi. Desemba 1818 alimzika mdogo wake Tom, aliyekufa kwa kifua kikuu baada ya Keats kumuuguza mwenyewe. Miezi michache baadaye, mwaka 1819, akaandika shairi kuhusu mtungi wa Kigiriki. Si mtungi mmoja unaoweza kwenda kuonyeshwa. Ameunganisha michongo aliyoiona kwenye makumbusho na kwenye vitabu. Juu ya mtungi huo kuna mpiga filimbi chini ya mti, kuna kijana anayetaka kumbusu mpenzi wake, na upande wa pili kuna kuhani anamwongoza mtamba aliyevishwa mashada kwenda kuchinjwa, na watu wa mji mzima wakimfuata.

Angalia alichochagua. Kijana hajambusu. Mtamba hajafika machinjioni. Mji umeachwa mtupu na watu wake hawajarudi, wala hawatarudi, maana mchongaji aliwakamata wakiwa njiani. Keats anamfariji yule kijana: ni kweli hutaufikia mdomo huo, lakini na yeye hatazeeka. Mtu aliyemwona mdogo wake akikauka kitandani alijua anachokisema. Yeye mwenyewe alikufa Roma Februari 1821, kwa ugonjwa uleule, akiwa na miaka 25.

Kwa msomaji wa Singida shairi hilo si geni hata kidogo, kwa sababu ya yule mtamba. Sisi tunajua mwendo wa mnyama anayeongozwa kwenda kwenye shughuli, kamba ikiwa imelegea kwa sababu bado hajashtuka. Ushairi wa Ulimbwende, kama wataalamu wetu wanavyouita mkondo huo wa akina Keats na Wordsworth, umefundishwa kwetu kama kitu cha theluji na maua yasiyokuwa na jina la Kiswahili. Ukiusoma ukitafuta mtamba, utauelewa.

Uende ukaone mtungi wetu

Kabla hujaandika mstari wowote, nakushauri ufanye safari moja. Toka Singida kwa barabara ya Katesh, pita chini ya Mlima Hanang, fika Babati, kisha geuka kusini kama unakwenda Kondoa. Kabla ya kufika Kondoa utakuta kijiji cha Kolo, na pale ipo ofisi ya Mambo ya Kale. Jiandikishe, lipa kiingilio, chukua mwongozaji, panda naye mlimani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 aliandika kwa uchungu wa mtu anayeona kitu kikififia mbele ya macho yake.

Pale Kolo kuna mchoro mmoja ambao watafiti wameubishania sana. Watu wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu, wamesimama kwa safu. Mmoja yuko katikati, wengine wamemshika mikono upande huu na upande huu. Leakey aliona utekaji: mwanamke ananyang'anywa. Wengine wakaja wakasema ni ngoma ya uganga, yule wa katikati amepandwa na mzuka na wenzake wanamtegemeza asianguke. Rangi ni nyekundu iliyoiva, imeingia ndani ya jiwe.

Simama hapo nusu saa. Jiulize: wanamvuta au wanamshikilia? Analia au anaimba? Ndiyo maswali yaleyale Keats aliyouuliza mtungi wake, ni akina nani hawa, wanakimbilia nini, na mtungi haukumjibu. Mchoraji wa Kolo angeweza kuchora kilichofuata. Hakuchora. Kwa hiyo watu wale wameshikana mpaka leo, na wewe umesimama mbele yao ukiwa na shughuli ya kumalizia. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe urudi nalo nyumbani. Kitu kimoja tu nakuomba: usiguse mchoro, na usimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Watu wamefanya hivyo kwa miaka, na kila maji yaliyomwagwa yameondoka na kitu.

Chagua kidogo, kisha ukakitazame kweli

Wanaoanza hupenda kuhifadhi makubwa: uzuri wa Singida, upendo wa mama, ujana. Hayo hayapiti kwa dakika moja, kwa hiyo hayakamatiki kwa dakika moja. Chagua kitu ambacho ungeweza kukikosa kama ungegeuka kukohoa.

Na ukishakichagua, nenda ukakitazame, kwa sababu kichwani mwetu tumejaza misemo ya watu badala ya vitu vyenyewe. Mfano wa hapahapa ni alizeti. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo, na mashairi yanayosema ua la alizeti hulifuata jua kutwa nzima nimeyasoma hadi nimechoka. Sasa nenda shambani saa kumi jioni, mwezi wa tatu, maua yakiwa yamefunguka. Utakuta shamba zima limelipa jua kisogo. Mmea mchanga ndio unaolifuata jua; ua likishakomaa na kufunguka hutulia likitazama mashariki, na jioni jua huzama nyuma yake. Shamba zima la nyuso za manjano zinatazama mahali jua lilipotoka asubuhi. Niambie kama msemo ule wa zamani unafikia hicho ulichokiona kwa macho yako.

Heroe ni vivyo hivyo. Kila mtu ataandika kwamba ni wapinki na wanapendeza. Kaa ukingoni mwa Singidani wakati maji yamepungua na ardhi imeachwa na utando mweupe wa chumvi, usubiri waruke. Kabla ya kuruka wanakimbia. Wanakimbia juu ya maji machache kwa miguu yao mirefu, hatua kadhaa, na hapo ndipo mabawa yanapofunguka na ile rangi iliyokuwa imefichwa chini yake, nyekundu na nyeusi, inatokea. Dakika yako imo kati ya hatua ya mwisho na bawa la kwanza.

Andika siku hiyohiyo, tunga baadaye

Tarehe 15 Aprili 1802, William Wordsworth na dada yake Dorothy walikuwa wakitembea kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, upepo ukivuma sana, wakakuta maua ya manjano yamechanua ufukweni. Dorothy aliandika kwenye shajara yake: wingi wa maua, mawe aliyoyakuta katikati yake, jinsi mengine yalivyolaza vichwa juu ya mawe kama mtu aliyechoka, na jinsi yalivyocheza na upepo wa ziwani. Kaka yake hakuandika shairi siku hiyo. Alikaa karibu miaka miwili ndipo akalitunga, likachapishwa mwaka 1807, na sasa watoto wa shule dunia nzima wanalijua.

Kuna jambo la haki hapa ambalo sitaki lipite. Katika shairi, mshairi anatembea peke yake. Dada hayumo. Macho yaliyoona na mkono ulioandika kwanza havimo. Napenda shairi lile, lakini nikilisoma namkumbuka Dorothy, na nakuomba na wewe, ukitunga kwa kumbukumbu za dada yako au bibi yako, umtaje.

Kwa hiyo beba daftari dogo. Andika siku hiyohiyo, kwa maneno makavu, bila kutafuta uzuri: upepo ulitoka wapi, alivaa kanga ya rangi gani, nani alikohoa, kulinukia nini. Kama jina la kitu linakujia kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu au Kigogo, liandike kama lilivyo. Kiswahili chake utakitafuta baadaye, na pengine utaona hakihitajiki. Kisha lifunge daftari. Wordsworth mwenyewe aliamini kwamba shairi hutoka kwenye hisia inayokumbukwa mtu akiwa ametulia. Kusubiri kuna faida inayopimika: baada ya miezi sita, yaliyokuwa ya kupamba yatakuwa yamekutoka kichwani, na yaliyobaki ndiyo yaliyokushika. Ukifungua daftari ukakuta jambo ambalo huwezi kulikumbuka kabisa, hilo lina thamani ya pekee, kwa maana lingekuwa limepotea.

Kiswahili kimekupa kisu

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye kazi. Keats, kwa Kiingereza chake, alilazimika kurudiarudia maneno ya "milele" na "kamwe" ili kuizuia dakika isisonge. Wewe una viambishi ndani ya kitenzi chenyewe. Watu huvitumia kutwa nzima dukani na kisimani bila kujua wameshika nini.

Chukua kitenzi kimoja, pepeta. Ukisema "mama hupepeta", umeeleza desturi. Hakuna siku, hakuna upepo, hakuna mama huyu. Hu- hufuta dakika. Ukisema "mama alipepeta", kazi imekwisha, ungo umerudishwa ndani. Ukisema "akainua, akamwaga, akaokota", -ka- inakusukuma mbele. Ni nzuri kwa hadithi, maana msikilizaji anataka kujua kilichofuata, na hicho ndicho tusichokitaka. "Anapepeta" imekaribia, lakini kesho ukilisoma shairi utajiuliza anapepeta lini.

Sasa sema: "ungo umepanda". -Me- imekuletea tendo lililofika mahali na likakaa hapo. Ungo umepanda na bado uko juu. Kisha sema: "mtama haujatua". Hapo ndipo palipo ukali wa kisu. -Ja- pamoja na ukanushi inakiri mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba mtama utatua, na kwamba hapa tulipo haujatua. Mauti yote ya Keats na faraja yake yote vimo katika silabi hiyo moja. Na ipo -ngali: "punje zingali hewani". Husema kwamba kitu kilichopaswa kuwa kimeisha bado kinaendelea. Mtu anayesema "mzee angali hai" anajua umri wa mzee.

Fanya zoezi hili. Toa daftari, soma maelezo ya siku ile, na uyaandike upya sentensi kwa sentensi ukitumia -me-, -ja- ya kukanusha, -ngali na "bado" tu. Nyingi zitakataa. Zitakazokubali ndizo dakika yako.

Nitakuonyesha kwa langu. Shairi langu la kwanza kuhusu mama, nililolitunga nikiwa shule, lilianza hivi:

Mama yangu wa thamani, kwa bidii apepeta,
Ni mfano duniani, nyayo zake nafuata.

Mizani imetimia, vina vipo, na nilipewa alama nzuri. Mama yangu hayumo. Mistari hiyo inamfaa mama yeyote, na mama yeyote hasimami juu ya mwamba wowote. Miaka mingi baadaye nililirudia kwa kisu nilichokueleza:

Ungo umepanda juu, mtama haujatua,
Upepo wa nyanda kuu, makapi wayachukua,
Vumbi limeshika guu, jicho lalikwepa jua,
Punje zingali hewani, mama bado hajashusha.

Sidai ni shairi kubwa. Lakini jicho linalokwepa jua ni lake. Alikuwa anafumba la kushoto tu, kwa kuwa upande huo ndiko jua lilikokuwa.

Kibwagizo, na tabia ya kufunga kwa funzo

Mstari ule wa nne ni kibwagizo, na utarudi mwishoni mwa kila ubeti. Walimu wetu hutufundisha kibwagizo kama pambo au kama kiini cha ujumbe. Mimi nakuomba ukione kama mahali pa kurudia. Kila ubeti unaondoka, unakwenda kutafuta jambo lingine, na kila ukirudi unamkuta mama bado hajashusha. Ni mtungi unaozungushwa mkononi: unapita picha zote, unafika tena kwenye ileile. Washairi wa Kiingereza wangetoa mengi kupata chombo hiki kikiwa tayari kimekubalika masikioni mwa wasikilizaji, kama kilivyo kwetu.

Hatari iko kwenye ubeti wa mwisho. Tumezoea kutia tamati kwa nasaha: enyi vijana, waheshimuni wazazi. Sina ugomvi na ushairi wa kufunza. Jirani yetu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alitunga ngonjera zilizokuwa na kazi ya kuelimisha taifa, na zilifanya kazi hiyo. Ila kwa dakika ipitayo, nasaha ni mkono unaouteremsha ungo. Ukishasema "kwa hiyo", mtama umetua. Ukiona ubeti wako wa mwisho unaanza kuhutubia, ufute, usome shairi bila huo. Mara nyingi utakuta lilikuwa limeshaisha.

Na kama vina vinakubana hadi unaanza kusema uongo ili kupata silabi, andika shairi huru. Euphrase Kezilahabi alifungua mlango huo kwa diwani yake Kichomi mwaka 1974, na zogo lililofuata lilikuwa kali. Mimi natunga kwa vina kwa sababu ndivyo nilivyosikia utotoni, na kwa sababu kizuizi hunilazimisha kutafuta. Wewe sikiliza sikio lako.

Kuna njia nyingine, ya pwani, ambayo ningejilaumu nisipoitaja. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyekufa miaka ileile ya akina Keats, aliandika utenzi wa Al-Inkishafi akiwa amezungukwa na magofu ya mji uliokuwa tajiri. Anakuonyesha vidaka ukutani vilivyotengenezwa kuwekea sahani za kauri, na humo sasa makinda ya ndege yamelala. Kidaka ni kimoja, nyakati ni mbili. Hakuhitaji kueleza utajiri ulikwendaje. Sahani na makinda vinakaa kwenye tundu lilelile, na wewe unaviona vyote. Tafuta kitu chako kilichobaki, kiti, jembe, redio iliyoharibika, na uweke nyakati mbili ndani yake. Mama alipofariki, nilitunga ubeti huu na kuutia mwishoni:

Mwamba ule uko pale, vumbi jipya limejaa,
Ungo wenyewe wa kale, ukutani umekaa,
Nami nipo vilevile, kivulini nashangaa,
Punje zingali hewani, mama bado hajashusha.

Sikubadilisha kibwagizo hata herufi. Safari hii kilibeba uzito ambao sikukitia mimi.

Shairi lenyewe nalo hupita

Tumezungumza kana kwamba shairi likishaandikwa limekuwa jiwe. Karatasi ya daftari la shule huliwa na mchwa, na simu huibwa stendi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alikuwa wa rika la Wordsworth. Husemwa juu yake kwamba aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni: alitunga juu ya ugomvi wa siku hiyo, njaa ya mwaka huo, mwanamke aliyepita, jahazi lililochelewa. Alipokufa, mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa Mombasa na kwenye karatasi za hapa na pale. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezunguka kwa wazee akiyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Sikujua alikufa mwaka 1890. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi, tena Johannesburg.

Mia moja. Kabla ya Sikujua kuyakusanya, daraja la kutegemewa lilikuwa wazee waliokuwa wakiyajua kwa moyo. Kwa hiyo tunga shairi linalohifadhika kichwani, na hapo mizani ni rafiki yako mkubwa. Liandike nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Mfundishe mtoto mmoja, hadi alighani bila karatasi. Na ukifika kijijini kwenu, kabla ya kuonyesha lako, waombe bibi na shangazi nyimbo za kusagia na za kupuria walizoimba ujanani. Omba kwa adabu, kaa chini, usiwashe simu kabla hujaruhusiwa. Nyingi kati ya hizo hazina Sikujua wake.

Limebaki jambo moja la kufanya kabla hujaliita shairi limekamilika. Lipeleke kwa mtu aliyekuwepo. Asiwe mwalimu wala mshairi, awe aliyekuwepo. Mimi nilimpelekea dada yangu mkubwa, nyumbani kwake upande wa Ilongero, chumba kilekile ambamo ungo wa mama umetundikwa ukutani. Nilimsomea polepole. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. Nilipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mdogo wangu, haukuwa mtama. Mwaka ule mtama uliungua wote. Ulikuwa uwele."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mikono yake ndiyo iliyoupura.

Nilitoa kalamu, nikafuta mtama kwenye mstari wa kwanza, nikaandika uwele. Nikahesabu silabi kwa vidole kwenye ukingo wa meza, kama tulivyofundishwa darasani. Zilikuwa zilezile nane. Dada akaniambia nisome tena kutoka mwanzo.